Faili Asiloweza Kulisoma: Lugha, Majeraha ya Uzazi na Haki ya Mama

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii imetumiwa mno katika insha za shule za upili na katika hotuba za harusi, hata imechakaa kama sarafu iliyopita mikono mingi. Aghalabu hufasiriwa kuwa ni sifa kwa mama. Itazamwe upya na mtu aliyewahi kuketi mahakamani kesi ya majeraha ya uzazi ikisikizwa. Huko methali hugeuka ikawa tatizo: anayeujua uchungu ni mama, lakini kinachoaminiwa kuuhusu ni faili. Nalo faili limeandikwa kwa Kiingereza, kwa mkato, kwa mwandiko wa saa nane za usiku, na mtu ambaye zamu yake ilikuwa ikielekea ukingoni.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kutamka ingawa si nyepesi kutimiza. Katika nchi hii, haki ya mama aliyejeruhiwa akizaa, au ya mtoto aliyejeruhiwa akizaliwa, mara nyingi hupotea katika lugha kabla haijapotea katika sheria. Mawakili na madaktari wamelijadili suala hili, kila kundi kwa upande wake. Wanaosoma na kufundisha Kiswahili wamelinyamazia kana kwamba haliwahusu, ilhali sehemu yake kubwa ni kazi yao.

Ni bayana kwamba wanaokutana na faili hilo wamezidi. Malipo ya kujifungua katika hospitali za umma yaliondolewa Juni 2013. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto 61 katika kila 100 walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 82. Haya ni mafanikio ambayo hayafai kubezwa. Hata hivyo sensa ya mwaka 2019 ilikadiria vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na kwa kila mama anayefariki wako wengi zaidi wanaorudi nyumbani na jeraha. Mama aliyezalia kijijini alisemezana na mkunga wa jadi kwa lugha yao wote wawili. Huyu wa leo yuko mahali salama zaidi, lakini mambo makuu yanayomhusu yanaandikwa pembeni mwake kwa lugha nyingine.

Majeraha yenyewe yana majina, na majina hayo ndiyo mwanzo wa mkwamo. Mama anaweza kuchanika msamba hadi kwenye misuli inayozuia haja kubwa. Anaweza kuvuja damu hadi nyumba ya uzazi ikaondolewa ili aokolewe. Uchungu ukidumu siku mbili tatu huku kichwa cha mtoto kimekwama katika nyonga, nyama laini zilizobanwa baina ya kichwa na mfupa hukosa damu na kufa, kisha pakatokea tundu baina ya kibofu na uke. Tangu siku hiyo mkojo hutiririka bila kizuizi. Huo ndio ugonjwa wa fistula, ambao karibu wote huzuilika kwa upasuaji uliofanywa kwa wakati. Kiswahili kina neno lake la zamani, nasuri, nalo limo katika kamusi. Ila ni nadra kulisikia wodini, na mabango ya kampeni huandika fistula. Kijijini huenda lisitumike lolote kati ya hayo mawili. Mwanamke hutajwa kwa harufu yake, au husemwa kuwa amerogwa, au kuwa amelipwa kwa uzinzi wake. Mtu hawezi kudai fidia ya laana.

Kwa mtoto, mambo ni yayo hayo. Bega likikwama nyuma ya mfupa wa kinena na kichwa kikavutwa kwa nguvu, mishipa ya fahamu ya shingoni huvutika au hukatika, na mkono ukabaki ukining'inia. Akikosa hewa kwa muda mrefu, ubongo huumia, na miezi baadaye mtoto anashindwa kuketi. Hospitali huuita mtindio wa ubongo. Majirani wana maneno yao, na hayafai kuchapishwa hapa.

Mama hupewa maelezo gani wakati huo? Hapa mwanasarufi na atege sikio. Katika wodi za Kenya zipo kauli ambazo zimekuwa kama fomyula: mtoto alichoka, mtoto alikunywa maji machafu, mama hakusukuma vizuri. Kila moja ina ukweli wake wa kitabibu. Mtoto aliyechoka ni yule ambaye mapigo ya moyo wake yameanza kwenda mrama. Aliyekunywa maji machafu ni yule aliyevuta hewani maji ya chupa yaliyochanganyika na kinyesi chake cha kwanza, jambo ambalo mara nyingi huandamana na taabu ndani ya tumbo. Lakini vichunguzwe viima vya sentensi hizo. Aliyechoka ni mtoto. Aliyekunywa ni mtoto. Ambaye hakusukuma ni mama. Mhudumu hayumo katika sentensi hata moja, wala saa hazimo: tangu alipoanza kuchoka hadi alipotolewa, ulipita muda gani, na ni nani aliyekuwa akisikiliza moyo wake? Baada ya hapo huja ile kauli ya kufunga mjadala, kwamba ni shauri ya Mungu. Imani ya mama haina lawama. Linalostahili kuulizwa ni kwa nini Mungu atajwe mapema hivyo na mtu aliyevaa sare ya kazi.

Kipo chombo kimoja cha karatasi ambacho kingeweza kujibu swali la saa, nacho kilizaliwa barani Afrika. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi Salisbury, Rhodesia, ambayo leo ni Harare, Zimbabwe, walichapisha jedwali lenye mistari miwili. Mstari wa kwanza ni wa tahadhari. Wa pili, ulio saa nne mbele, ni wa kuchukua hatua. Mkunga hutia alama kadiri njia inavyofunguka, na alama zikivuka mstari anajua kwamba wakati wa kuita gari au daktari umewadia. Walikusudia kumsaidia mkunga aliye peke yake, mbali na chumba cha upasuaji. Chombo hicho huitwa patografu, na ndani yake huandikwa pia mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, nguvu za mikazo, rangi ya maji na hali ya mama. Shirika la Afya Duniani lilitoa fomu mpya mwaka 2020, baada ya kubainika kwamba wanawake wengi wasio na tatizo lolote njia zao hufunguka polepole kuliko ile sentimita moja kwa saa iliyokuwa imezoeleka.

Karatasi hiyo ndiyo shahidi mkuu katika kesi. Patografu iliyojazwa vyema humtetea mkunga aliyetimiza wajibu wake. Iliyoachwa tupu humshtaki. Na iko aina ya tatu, iliyojazwa yote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja tulivu baada ya mambo kuharibika. Hiyo nayo mawakili wazoefu wanaitambua. Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa zinahitajika ili kulinda haki. Mama anaweza basi kupata nakala. Lakini kupewa karatasi si kupewa maana yake.

Tuseme amepata wakili na kesi imefika mahakamani. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kiliweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufaa, na Kiingereza au Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za chini. Mama atasimama kizimbani, na karani wa mahakama, ambaye pengine hajapata hata saa moja ya mafunzo ya ukalimani wa kitabibu, atafasiri. Chukulia mama anasema hivi: Uchungu ulinishika Jumatatu jioni. Chupa ilipasuka usiku. Wakaniambia njia bado. Alfajiri uchungu ukakatika ghafla. Mtoto akatoka, hakulia.

Sentensi tano fupi, na hakuna hata moja ambayo haina mtego. Chupa inaweza kufasiriwa kuwa chombo cha kioo, na watu wakacheka. Njia itafasiriwa kuwa barabara, na hakimu akadhani mama alicheleweshwa na usafiri. Hayo hurekebishika. Linalotisha ni la nne. Uchungu, kwa mkalimani, ni maumivu tu; basi ataieleza mahakama kwamba kufikia alfajiri mama hakuwa tena na maumivu, yaani alipata nafuu. Mkunga yeyote angelisikia jambo lililo kinyume kabisa. Mikazo inayokatika ghafla baada ya uchungu wa muda mrefu ni mojawapo ya dalili zinazomtia daktari hofu kwamba nyumba ya uzazi imepasuka. Kwa neno moja lililofasiriwa kivivu, ushahidi mzito kuliko wote umegeuzwa ukawa utetezi wa hospitali. Nalo neno hakulia, ambalo litafasiriwa sawasawa, litapita bila kugusa moyo wa mtu, ilhali ni ripoti nzima: wakunga huhesabu alama za uhai wa mtoto katika dakika ya kwanza na ya tano, na mama aliyelala pale alikuwa akihesabu vilevile kwa kusubiri sauti.

Mifano haikomi hapo. Mwanamke akisema kizazi changu kilitolewa, hazungumzi juu ya rika. Akisema nyumba yangu ilitoka, hajabomolewa makazi. Hii ni lugha sanifu ya tajiriba ya uzazi, imara na yenye umri mkubwa kuliko istilahi nyingi zinazobuniwa makongamanoni. Kasoro ni kwamba hakuna aliyeiandikia daraja la kuvukia kwenda kwenye lugha ya faili.

Sheria, kwa haki, imetangulia wasomi wa lugha. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali ya afya yake, matibabu yanayowezekana, manufaa yake, hatari zake na gharama zake, pamoja na haki ya kuyakataa. Kinaongeza kwamba maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa mgonjwa, kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Linganisha agizo hilo na fomu ya idhini ya upasuaji inayosukumwa mbele ya mama katikati ya mikazo, iwe kwa Kiingereza, naye akaweka kidole cha gumba.

Mahakama za Kenya hutazama sana hukumu za Uingereza, na huko umetokea uamuzi ambao kila mwanafunzi wa isimujamii angefaa kuujua. Katika kesi ya Montgomery, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza Machi 2015, mama wa Scotland mwenye kisukari na umbo dogo hakuelezwa kwamba akina mama wa hali yake wana uwezekano wa asilimia 9 hadi 10 wa bega la mtoto kukwama. Daktari alihofia kwamba akimwambia atachagua upasuaji. Mwaka 1999 bega lilikwama kweli, na mtoto akapata mtindio wa ubongo na jeraha la mkono. Fidia ilikuwa pauni milioni 5.25. Tangu mwaka 1957, katika kesi ya Bolam, kipimo kilikuwa ni yale ambayo madaktari wenzake wangeyaona sawa. Montgomery iliuliza badala yake mgonjwa mwenyewe angependa kujua nini, na majaji wakasisitiza kwamba kummwagia mgonjwa maneno ya kitaalamu asiyoweza kuyashika si kumweleza, sembuse kumtaka tu atie sahihi. Hukumu hiyo, ukiitazama kwa jicho la lugha, ni hukumu juu ya mawasiliano.

Kuna pia suala la muda, ambalo ni katili. Sheria ya Kikomo cha Muda inampa mtu mzima miaka 3 kudai fidia ya madhara ya uzembe. Lakini sheria nyingine, Sura ya 39, huitaka kesi ya namna hiyo dhidi ya Serikali ifunguliwe kabla ya miezi 12 kwisha. Mama mwenye nasuri huutumia mwaka huo akijificha. Aliyeambiwa kwamba ni shauri ya Mungu hana sababu ya kumtafuta wakili. Akitaka kulalamika bila kwenda mahakamani, inambidi ajue kwanza aliyemhudumia alikuwa nani: daktari ana baraza lake, muuguzi lake, na afisa wa kliniki lake. Makoti meupe hayana maandishi ya kumsaidia.

Hata hivyo mlango mwingine umefunguka. Mwaka 2013 mama mmoja alizalia sakafuni katika ushoroba wa hospitali ya umma huko Bungoma, vitanda vikiwa vimejaa, na akaamka kwa matusi na makofi ya wauguzi. Kesi yake ilijengwa juu ya haki za Katiba, zikiwemo heshima ya utu na haki ya afya iliyo katika Ibara ya 43. Machi 2018 Mahakama Kuu ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 na kuamuru aombwe radhi. Yafaa ikumbukwe kwamba matusi, ambayo ni tukio la lugha, yalihesabiwa miongoni mwa madhara. Mahakama ilikubali kwamba neno linaweza kumjeruhi mzazi.

Watakuwako wa kusema kwamba makala ya namna hii yanawachongea wauguzi. Hofu hiyo ina msingi. Si kila jeraha ni kosa. Blair na Stanley, waliochunguza watoto wa Australia Magharibi, walikadiria mwaka 1988 kwamba kukosa hewa wakati wa kuzaliwa kulisababisha takriban asilimia 8 tu ya mitindio ya ubongo. Pasipo uangalizi wa kutosha sehemu hiyo huenda ikawa kubwa zaidi, lakini haiwezi kuwa yote. Zaidi ya hayo, muuguzi mmoja akiwa na wazazi wengi usiku mmoja, patografu tupu haithibitishi uvivu. Huenda inathibitisha kwamba aliyestahili kushtakiwa ni mwenye kuajiri. Na daktari anayeogopa kesi hupasua hata asipostahili kupasua, na kila kovu huongeza hatari ya mimba ifuatayo.

Lakini kimya hakijawahi kuwa ngao ya muuguzi. Hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, zilianza mwaka 2001 kuwaeleza wagonjwa makosa waziwazi na kuwafidia bila kungoja kushtakiwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba madai mapya na gharama za kesi vilipungua. New Zealand imekwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1974 hulipa fidia ya ajali bila kumsaka mkosaji, na kuanzia Oktoba 2022 ikaingiza majeraha ya mama ya wakati wa kuzaa, kama vile kuchanika msamba. Kenya haina hazina ya aina hiyo, na huenda isiwe nayo karibuni. Ya Michigan, hata hivyo, yanahitaji kwanza mtu anayeweza kuketi na mama na kumweleza kilichotokea, kwa sentensi zenye viima vya kweli.

Ndipo idara za Kiswahili zinapoingia. Tasnifu juu ya riwaya na ushairi zimejaa rafuni, na ziendelee kuandikwa. Lakini ni wangapi waliokwenda wodini, kwa idhini ipasayo, wakasikiliza jinsi mkunga na mzazi wanavyosemezana? Istilahi zinazokubalika zitapatikana kwa kukusanya yale ambayo wakunga wa Mombasa, Kakamega na Machakos tayari wanayasema, kisha kuyaoanisha na lugha ya faili, neno kwa neno, pamoja na mitego yake. Orodha hiyo ikiwa mezani kwa karani wa mahakama, uchungu uliokatika hautageuzwa tena kuwa nafuu.

Na ianzwe na fomu ya idhini, kwa kuwa ni ukurasa mmoja. Sentensi yake ngumu kuliko zote inaweza kuandikwa hivi: Nimeelezwa kwamba damu ikikataa kukatika, huenda daktari akalazimika kuiondoa nyumba ya uzazi, na ikiondolewa sitashika mimba tena. Hakuna neno hapo la kumshinda mwanafunzi wa mwaka wa pili. Aiandike, awapelekee wakunga waikosoe, kisha asomewe mama mmoja kliniki, mwezi wa nane, kabla uchungu haujamshika, aulizwe ameelewa nini.